Chakula Kilichobaki kwenye Muvero

Jumatatu, tarehe 21, mwezi wa nne

Mimi nasema, Antoinette anaandika. Antoinette ni mke wa mwanangu Hamdani. Aliteleza kwenye matope akitoka Bukavu na mzigo wa vitenge, mguu ukavunjika, na sasa amelala kwangu na plasta mpaka gotini. Jana aliniambia, "Maman, muntu akikaa hivi anaoza. Nipe kazi ya mikono." Nikampa maharage achambue. Kabla ya saa nne alikuwa amemaliza. Ndipo akaomba kaye ya kuandikia na biki, akasema nimweleze siku zangu, ataziandika. Kinyarwanda hajui kukiandika, na mimi sijui kuandika chochote, basi tunaandika Kiswahili chetu cha nyumbani.

Leo shule imefunguliwa, muhula wa tatu. Mimi ni mpishi wa shule hapa Gitambi, mwaka wa nne sasa. Watoto mia nane na kitu, kila mmoja na sahani yake. Mvua ilinyesha mpaka saa sita, kuni zikawa mbichi. Buhendwa, anayenipasulia kuni, alipuliza moto mpaka macho yakawa mekundu kama nyanya. Nikamwambia apumzike. Akasema, "Pumzika wewe, uko mzee kuliko mimi." Amenizidi miaka miwili, mwongo yule.

Alhamisi, tarehe 24

Leo Mahoro amenisomea gunia.

Mahoro ni msichana wa darasa la sita, miaka kumi na mitatu, mwembamba, na kila siku hurudi na sahani kuomba nyongeza bila aibu hata kidogo, na ndivyo ninavyopenda. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la kawunga nikimsubiri Buhendwa. Akasimama akatazama chini ya miguu yangu, akasema, "Koko," maana hapa kila bibi ni koko, "umekalia maandishi." Nikamuuliza yanasema nini. Nilidhani ni jina la tajiri. Akasoma: uzito, mahali mahindi yaliposagwa, siku yaliposagwa, na kwamba gunia liwekwe mahali pakavu, mbali na ukuta.

Mbali na ukuta. Miaka minne naegemeza magunia ukutani, na kila mvua unga wa chini unashika ukungu, nami nalaumu panya. Gunia lilikuwa linaniambia siku zote, nami nalikalia.

Tumesogeza magunia yote, mimi na Buhendwa. Mgongo unauma. Nimefurahi.

Jumanne, tarehe 29

Mvua. Hakuna jambo.

Ijumaa, tarehe 2, mwezi wa tano

Kila siku sasa Mahoro ananisomea kitu: kibati cha mafuta, tangazo la mlangoni, karatasi iliyofungia chumvi. Leo nilipeleka chai kwa Mwalimu Uwera, mwalimu wa darasa la sita. Nilipofika dirishani nikasimama, chai ikapoa. Watoto walikuwa wakisema Kiingereza, wote, hata yule mtoto wa Nyabenda ambaye nyumbani kwao mbuzi wanalala ndani. Uwera alikuwa amechora ubaoni wingu, mlima na mto, na mishale inayozunguka. Sikuelewa neno hata moja, lakini mchoro niliuelewa: maji yanapanda, yanashuka, yanapanda tena. Nje mvua ileile ilikuwa inanimwagikia kichwani. Miaka sitini na sita nimelowa, sikuwahi kujiuliza ilitoka wapi.

Jumanne, tarehe 6

Jambo la ajabu. Nitalieleza taratibu, Antoinette, usiniharakishe.

Muvero ni ile sufuria kubwa ya shule, mtoto anaweza kuoga ndani yake. Ninayo mitatu. Mwiko wangu alinichongea Buhendwa, una urefu wa mtoto, nami nimeutia alama tatu kwa kisu: ya juu, muvero umejaa, ya katikati, nusu, ya chini, ukoko. Siku zote ninapomaliza kugawa, muvero wa mwisho unabaki ukoko tu, na watoto wadogo wanaukwangua. Leo watoto wote wamekula, hakuna aliyelia njaa, na bado maharage yamefika vidole viwili juu ya alama ya chini.

Sikuongeza kitu. Gunia lilelile, debe lilelile la maji.

Ijumaa, tarehe 9

Vidole vinne. Nimepeleka kilichobaki kwa wazee wawili walio karibu na shule.

Jumanne, tarehe 13

Kiganja kizima. Mvua imepungua, jua la mchana ni kali huko chini Bugarama, hapa juu bado kuna ukungu asubuhi.

Nimemwambia Buhendwa kwamba baraka imeingia jikoni. Kwetu Kamembe nilikozaliwa mama yangu alikuwa anasema kuna chakula kinachoongezeka chenyewe nyumba ikiwa safi na mpishi akitia jina la Mungu kabla ya chumvi, na mimi sijawahi kusahau. Buhendwa alitazama ndani ya muvero muda mrefu, akavua kofia. Mtu mkaidi yule akavua kofia mbele ya maharage.

Basi nikaenda kwa Papa Diregiteri Dominique, mkuu wa shule, nikamwambia apunguze maharage kwenye hesabu ya wiki, Mungu anatuongezea. Alicheka, lakini alikuja kuona. Akaona. Akaandika kwenye karatasi inayokwenda wilayani kwamba jiko letu halipotezi chakula, shule nyingine zije kujifunza. Nilitembea kwenda nyumbani kama bibi harusi.

Jumatatu, tarehe 19

Leo kulikuja gunia jipya la chumvi, lina maandishi ya buluu. Nikatazama huku na huku nimpate Mahoro anisomee. Nikakumbuka wiki nzima sijamwona na sahani yake ya nyongeza.

Nikamwuliza Mwalimu Uwera kama mtoto anaumwa. Uwera ni msichana bado, hajafika miaka thelathini, lakini leo uso wake ulikuwa wa mtu mzima sana.

"Koko, haujue? Mpunga umetoa masuke kule chini."

"Najua mpunga umetoa masuke. Nina kipande changu."

"Basi ndege beko wanakuja. Na batoto beko wanafukuza ndege."

Nikamwuliza ni wangapi.

Alisema darasani kwake wamekosekana kumi na mmoja. Katika shule nzima hajui, labda sitini. Kila jioni anazunguka nyumba kwa nyumba, wazazi wanamkaribisha vizuri, wanampa kiti, wanamwambia kesho watakuja. Mtihani wa serikali ni tarehe 30 ya mwezi ujao. "Aliyekosa mtihani, Koko, miaka yangu yote hapa sijaona hata mmoja aliyerudi."

Nilirudi jikoni. Buhendwa alikuwa anasafisha muvero. Nikautazama ule mwiko na kiganja changu juu ya alama. Haikuwa baraka. Ilikuwa ni sahani za watoto ambao hawakuja. Na mimi nilimwambia Diregiteri apunguze.

Buhendwa akasema, "Hata mimi nilivua kofia."

Jumanne, tarehe 20

Antoinette, leo andika polepole, na usinirekebishe.

Kipande changu cha mpunga kiko Bugarama, aliniachia marehemu mume wangu. Anakilima Habimana, tunagawana mavuno. Mimi hushuka wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna tu, magoti hayataki zaidi. Leo nilimwomba Buhendwa apike, nikashuka kabla ya jua.

Kushuka kutoka Gitambi ni kama kuingia kwenye tanuri taratibu. Juu unavaa sweta, katikati unaivua, chini unatamani kuvua ngozi. Nilipofika, jua lilikuwa limeanza tu kuugusa mpunga, na nikaona kitu ambacho sijakiona tangu utoto wangu, au nilikiona bila kukitazama. Ndege walitoka upande wa mto Ruhwa. Kwanza nilidhani ni moshi. Moshi ukapinda, ukawa kama kitambaa, ukageuka wote mara moja, maelfu, bila mmoja kumgusa mwenziwe, na sauti ya mabawa ikapita juu yangu kama mvua kwenye mabati. Niliufungua mdomo kama mjinga. Nani anawaambia wageuke?

Kisha wakashuka kwenye mpunga, na pande zote watoto wakaanza kupiga kelele. Sauti nyembamba, upande huu, upande ule, mpaka mwisho wa bonde. Wanasimama kwenye matope wanarusha udongo kwa kombeo, wanavuta kamba zilizofungwa makopo. Hapo ndipo lilipokuwa darasa la sita.

Nikafuata tuta mpaka kwenye kipande changu. Aliyekuwa anavuta kamba yangu, makopo yangu, akiulinda mpunga wangu, alikuwa Mahoro.

Hakukimbia. Alisema, "Koko, shikamoo. Magunia bado yako mbali na ukuta?"

Nikamwambia, "Nani amekuweka hapa?"

"Papa Habimana. Alimwahidi Mama gunia moja la mpunga, tukivuna. Mama amezaa, hawezi kushuka."

"Ulijua ni mpunga wangu?"

Akavuta kamba kwanza. "Nilijua. Nilifikiri umejua na wewe."

Mimi ni mtu wa kusema, kila mtu anajua, Diregiteri mwenyewe ananiogopa. Pale nilikaa tu kwenye tuta, miguu majini. Nilipokuwa na miaka saba baba yangu aliniweka kwenye mtama wake na kopo na kijiti, nikafukuza ndege msimu kwa msimu mpaka nikaota matiti. Wenzangu walikwenda shule ya misheni, nikiwasikia kule chini wakiimba alfabeti. Ndege walikula kidogo, na mimi nikala mtama, na leo nakalia maandishi.

Habimana alikuja saa tatu na simu sikioni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Maman Hamdani, kila mwaka ni batoto. Haukuwahi kuuliza." Na ni kweli. Sikuwahi kuuliza.

Nikamwambia Mahoro kesho arudi shuleni. Akasema, "Na ndege?" Nikasema ndege ni wangu.

Alhamisi, tarehe 22

Nimekwenda kwa mama yake Mahoro. Mtoto mchanga ni mnene, Mungu amlinde. Nimemwambia gunia lake liko palepale, Mahoro awepo shambani au asiwepo. Hakuniamini mpaka nilipoapa mbele ya mtoto.

Asubuhi nilikuwa Bugarama, nikapanda kurudi kupika. Magoti.

Jumatatu, tarehe 26

Mahoro amekuja darasani siku mbili, leo hakuja. Nilimkuta nyuma ya jiko, amekuja kujificha kwangu badala ya kwenda kwa mwalimu. "Nimesahau kila kitu, Koko. Wananicheka." Nikamwambia akae hapohapo, nikamwita Uwera.

Uwera hakumgombeza. Alitazama ukuta wa jiko langu, mweusi kwa moshi wa miaka minne, akatoa chaki mfukoni akaandika juu ya masizi. Kumbe masizi yanashika chaki kuliko ubao wa darasani! Aliandika hesabu, Mahoro akaijibu pale pale, na mwandiko wake ukang'aa kama nyota. Buhendwa alisahau moto ukazimika.

Jumamosi, tarehe 31

Leo umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tulifukia mashimo ya barabara ya shule, na baadaye ukaja mkutano kama kawaida, watu wamekaa kwenye nyasi na majembe yao. Kiongozi alipouliza nani ana neno, nikasimama.

Nilisema: "Mnanijua. Napikia watoto wenu. Wiki mbili nilimshukuru Mungu kwa chakula kinachobaki, na kilibaki kwa sababu watoto wako Bugarama wanalinda mpunga. Mmoja alikuwa kwenye mpunga wangu. Mimi ndiye niliyemtoa darasani, na mimi ndiye niliyemlilia. Sasa nauliza nani mwingine ana kipande kule chini."

Mtu akakohoa. Kisha Joséphine, jirani yangu, mjane kama mimi, akanyanyua mkono bila kusimama. "Mimi niko na batoto wawili kule," akasema. Halafu mikono mingine. Si yote, lakini mingi.

Ciza, ambaye vipande vyake ni vitatu, akasema batoto wana sauti na miguu, nani mwingine atafukuza? Nikasema bakoko, sisi mabibi. Watu wakacheka. Nikasema ndege wanakuja asubuhi na jioni, mchana wanalala, na bakoko asubuhi na jioni tunafanya nini? Tunalaumu wakwe. Twende kwa zamu, mpaka mtihani uishe.

Ciza akasema, "Ndege hawamwogopi mwanamke mzee."

Nikamwambia, "Ciza, wewe mwenyewe unaniogopa, na una akili kuliko ndege."

Wakacheka tena, hata yeye. Mabibi kumi na wanane walitoa majina, na wazee watatu, na Buhendwa, ambaye hana hata mche mmoja wa mpunga.

Jumanne, tarehe 3, mwezi wa sita

Asubuhi ya kwanza ya zamu. Joséphine alikuja na kifuniko cha sufuria na mwiko. Mwingine na filimbi ya mjukuu. Sauti zetu ni nzito, mwanzoni ndege walituzoea haraka. Ikabidi tuimbe. Tukaimba nyimbo za harusi, zile mbaya, ambazo Antoinette anakataa kuziandika. Ndege wakaondoka. Mtu yeyote angeondoka.

Shuleni: vidole vitatu.

Jumanne, tarehe 10

Vidole viwili. Kiangazi kimeanza, vumbi kwenye maharage.

Kila siku baada ya masomo wale waliorudi wanakaa jikoni na Uwera, ukuta umejaa mpaka dari. Nimejifunza kutambua saba na nne. Saba ina mgongo wangu.

Jumatatu, tarehe 16

Juzi Joséphine alianguka kwenye mfereji, akaumia kiwiko, akarudi kesho yake. Nilimgombeza. Akaniambia nyamaza, fukuza.

Jumanne, tarehe 24

Muvero umekwanguliwa. Ukoko tu, na watoto wadogo wakaugombania mpaka kijiko kikapinda. Nimekwenda kwa Diregiteri, nikamwambia aandike wilayani tena, kwamba jiko letu sasa halibakishi kitu, na kwamba maharage aliyopunguza ayarudishe. Akasema ameshayarudisha tangu siku ile nilipozungumza kwenye umuganda, na kwamba barua ya kwanza ameiandikia nyingine ya kusahihisha, ameeleza kila kitu, na jina langu. Niliketi kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

Kati ya wale kumi na mmoja wamerudi tisa. Mmoja amevuka kwenda Burundi na mjomba wake. Mwingine yuko kwenye vipande vya Ciza bado. Nimekwenda kwa Ciza mara nne.

Jumatatu, tarehe 30

Mtihani. Shule tatu za sekta yetu zimekusanyika kwetu. Nilifika kwa giza kuchemsha uji, kwa sababu mtoto hawezi kufikiri na tumbo linalolia.

Mpunga uko na Joséphine na wenzake. Wa Ciza uko na Ciza mwenyewe. Ndiyo, Ciza mwenyewe. Mwanaume yule na suruali yake ya mkutano amesimama kwenye matope na kopo, na yule mtoto wa kumi, aliyekuwa akimlindia, amekaa kwenye dawati la mwisho. Buhendwa aliniletea habari hiyo akikimbia, na Buhendwa hajakimbia tangu ujana.

Watoto walipanga mistari, kila mmoja na namba yake kifuani, nguo zimepigwa pasi mpaka zinakata. Ililetwa bahasha kubwa iliyofungwa, na askari kando yake, kama inavyobebwa maiti ya mtu mkubwa au bibi harusi. Wakaonyesha watoto wote kwamba haijafunguliwa. Kisha wakaingia, na milango ikafungwa.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Watoto mia moja na zaidi mahali pamoja, na unasikia kuku wa jirani akitembea. Mimi ninayepiga kelele nikiomba chumvi nilikuwa naongea na Buhendwa kwa vidole. Kila kichwa kimeinama. Nilifikiri, humo ndani kila mmoja yuko peke yake, na hakuna anayeweza kumsaidia, si mama wala mwalimu, na bado yuko na kila aliyewahi kumfundisha. Nilikaa juu ya kuni nikalia kidogo. Buhendwa alisema ni moshi. Moto ulikuwa umezimika.

Alhamisi, tarehe 3, mwezi wa saba

Siku ya mwisho ya mtihani. Leo zamu ya jioni ilikuwa yangu, nikawa chini Bugarama tangu saa tisa. Mpunga umekuwa wa manjano, Habimana anasema wiki ijayo tunakata. Pembe moja ndege wameila yote, ile ya karibu na mfereji, siku Joséphine alipoanguka. Si kitu. Gunia la mama Mahoro nimeshalitenga kichwani, litatoka kwanza.

Saa kumi na moja nikaona mtu anakuja kwenye tuta na sare ya shule, viatu mkononi. Mahoro. Ametembea kutoka juu moja kwa moja, na mguu mmoja una matope mpaka gotini.

"Bilikuwa namna gani?" nikamwuliza.

"Koko, sijui. Moja sikuijua kabisa. Nyingine nilizijua." Akafikiri. "Zile za ukuta wa jiko nilizijua zote."

Akakaa karibu nami. Alinuka jasho na chaki. Ndipo ndege wakatoka upande wa Ruhwa, ule moshi, wakapinda, wakageuka, na jua la jioni likawapiga wote chini ya mabawa kwa mara moja. Mkono wa Mahoro ukaikamata kamba ya makopo wenyewe, bila yeye kufikiri, kama mkono wangu ulivyokuwa ukifanya kwenye mtama wa baba.

Nikaushika mkono wake. Nikavifungua vidole vyake kimoja kimoja mpaka kamba ikaanguka.

"Watakula, Koko."

"Wacha wale leo," nikasema. "Tuwatazame."

Wakashuka.